Bega la Nargis

Bibi yangu hakusema "filamu", alisema "picha". "Tulikwenda kutazama picha." Mahali penyewe alikuwa akipachanganya, mara Majestic ya Vuga, mara Empire ya Darajani, majumba ya sinema ya Unguja, na ukijitia kumsahihisha anakukata jicho. Picha yenyewe hakuichanganya hata siku moja: Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, aliyocheza Nargis.

Akiisimulia, akifika pale mwanamke anapojitia mwenyewe kwenye plau, mahali pa ng'ombe, alime ili wanawe wapate kula, Bibi alikuwa anaondoka kwenye mbuzi ya nazi, anaikunja kanga yake, anaitupa begani, anainama. Hatua mbili tatu pale uani, polepole, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha anarudi kukaa na kuendelea kukuna. Hadithi aliikatia hapo hapo kila mara. Mwisho wake sikuupata kwake.

Siku moja nikamuuliza, "Bibi, mlikuwa mnaelewa wanachosema?"

"Kihindi nakijulia wapi miye?"

"Sasa mkilia nini?"

"Na bega lile lilitaka kusemewa?"

Nimesoma maandishi mengi ya watu wanaoichambua sinema, na bado naona jibu lile limewapita. Wengi wetu tukitoka kutazama muvi tunabeba kisa tu: nani kamsaliti nani, steringi kapona au kafa. Kisa ungeweza kukisoma kitabuni au ukapigiwa barazani. Ukishakitoa, kuna vitu vinabaki. Mwanga ulioangukia nusu ya uso na nusu nyingine ukaiacha gizani. Kamera iliyokaa mbali na mtu anayelia, ikagoma kumsogelea. Mkono uliokaa juu ya meza muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Kwangu mimi sinema iko humo.

Lakini nisijifanye nilizaliwa nikijua. Mimi ni mtoto wa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, mabenchi ya mbao na joto la watu, enzi za Lufufu, mtafsiri wa muvi. Muvi ilikuwa ya kutafsiriwa, na mtafsiri hakuacha pengo. Mtu akitembea kimya gizani, sauti inakwambia anatembea, anakwenda wapi, na mama yake alikuwa nani. Lufufu alikuwa fundi, sibishi, na tulikuwepo tuliomfuata yeye kuliko steringi. Ila kwa mwendo huo tulizoea kutazama kwa masikio, na nahisi ndiyo maana tukaja kutengeneza filamu za masikio.

Unazijua. Geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anaingia sebuleni. Sofa kubwa. Watu wawili wanagombana dakika kumi, na kila mmoja anamweleza mwenzake mambo ambayo wote wawili wanayajua. Kinanda kinalia nyuma kukukumbusha kwamba hapa unatakiwa uhuzunike. Fumba macho, hutapoteza kitu. Ule ni mchezo wa redio uliotiwa picha. Najua bajeti ni ndogo na siku za kupiga picha zinahesabika. Lakini kunyamaza hakulipiwi. Na wapo wenzetu waliokwishaonyesha kuwa inawezekana: Amil Shivji alipoichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, akaitoa kama filamu mwaka 2021, hakuigeuza riwaya kuwa maneno ya kusomeana. Aliiachia Zanzibar yenyewe, kuta zake na vivuli vyake, ifanye kazi.

Aliyenifungua macho mimi ni Msenegali, Ousmane Sembène, na filamu yake ya mwaka 1966 kuhusu binti wa Dakar, Diouana, anayepelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani. Ni ya nyeusi na nyeupe, ya kama saa moja tu. Kwenye ile nyumba ya mabosi wake, kule Antibes, kuna ukuta mweupe, na ukutani kimetundikwa kinyago alichowapa kama zawadi. Hicho kinyago hakielezwi. Kinaning'inia tu, na kila ukikiona kimezidi uzito. Mwishoni, Diouana ameshakufa, bosi anakirudisha Dakar kwa mama wa binti. Mtoto mdogo anakichukua, anakivaa, anaanza kumfuata yule Mzungu vichochoroni. Bosi anaongeza mwendo, mtoto yuko nyuma yake. Bosi anageuka, mtoto yupo. Hakuna matusi wala hotuba kuhusu ukoloni. Nilikuwa nimejilaza, nikajikuta nimekaa kitako.

Baada ya hapo ndipo nilipoitafuta Mother India, miaka mingi baada ya Bibi kufariki. Nilikaa nayo usiku, karibu saa tatu nzima, na tafsiri ya Kiingereza chini ya kioo. Ilipokaribia sehemu ya plau nikayazima yale maandishi. Nargis akaja na tope lake na jasho lake, mti wa plau umemlalia. Nililia, ndiyo, japo sijui kama nilimlilia yeye au ile kanga iliyokunjwa.

Sikuyarudisha maandishi. Na mwisho nao ukanifika bila neno. Yule mtoto aliyelimiwa kwa bega lile amekuwa mkubwa, amekuwa jambazi, yuko juu ya farasi na binti wa watu aliyemteka. Mama anashika bunduki. Anampiga mwanawe mwenyewe, halafu anamkimbilia kumpakata. Kisha mfereji unafunguliwa, maji yanatoka mekundu, yanakwenda shambani, mekundu, mpaka polepole yanatakata.

Bibi aliyaona maji yale. Miaka yote ile uani, hakunitajia.