Aliyefika wodini na asiyefika

Wapo wanaosema hospitali za miji yetu zimeelemewa mno kupokea watafiti wa majeraha na maambukizi; mimi naona jibu linategemea swali linaloulizwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa FEAST. Ulihusu watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, waliofika na homa kali huku mzunguko wao wa damu ukiwa umedhoofika. Baadhi walitundikiwa dripu ya maji mengi kwa haraka, kama miongozo mingi ya tiba ilivyofundisha kwa miaka mingi. Wengine walipewa maji taratibu, ya kutosheleza mahitaji ya kawaida tu. Ndani ya saa 48, zaidi ya watoto 10 katika kila 100 waliopewa dripu ya haraka walikuwa wamefariki. Kwa wale wengine walikuwa 7 hivi.

Miaka sita baadaye, jijini Lusaka, jambo lilelile lilijitokeza kwa watu wazima. Katika hospitali kuu ya rufaa, wagonjwa waliokuwa na maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU, walipewa maji na dawa za kupandisha presha kwa utaratibu uliozoeleka katika nchi tajiri. Asilimia 48 walifariki, dhidi ya asilimia 33 ya waliopata huduma ya kawaida ya pale.

Naanza na tafiti hizi mbili kwa sababu anayesema hospitali zetu zimeelemewa mno kupokea watafiti hana budi kuzijibu kwanza. Tiba iliyoonekana salama palipo na mashine ya kupumulia kwa kila mahututi ilikuwa inaua mahali ambapo muuguzi mmoja anaangalia wodi nzima. Hilo lisingegunduliwa London. Lilihitaji kupimwa palepale, kwa wagonjwa walewale.

Ila kuna upande wa pili, na sidhani kama tunausikiliza inavyostahili. Hospitali ni chujio. Dereva wa bodaboda anayegongwa usiku na kupasuka kichwa huenda akafia barabarani, na mwili wake ukapelekwa mochari moja kwa moja na polisi. Aliyechubuka goti ananunua dawa dukani. Aliyevunjika mguu na hana fedha anaenda kwa muunga mifupa wa jadi. Mtafiti anayekaa mapokezi ya dharura anaandika waliobaki, kisha ripoti inasomwa kana kwamba ni picha ya jiji zima.

Chukua swali la kofia ngumu, ambalo lina uzito mkubwa kwetu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa Afrika ina kiwango kikubwa kuliko kanda nyingine zote cha vifo vya barabarani kwa idadi ya watu. Ukiwahesabu waendesha pikipiki waliolazwa, waliovaa kofia na wasiovaa, utapata jibu lenye walakini. Aliyevaa akaanguka na kuinuka akaenda zake, hayumo wodini. Asiyevaa akafia palepale, naye hayumo. Umewakosa wale hasa ambao wangekuonyesha nguvu ya kofia, na waliobaki wanaweza kuifanya ionekane dhaifu kuliko ilivyo. Hata kitanda cha elfu moja kikiandikwa kwa uangalifu, kasoro hiyo haiondoki.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa Nairobi, katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, ina thamani ya pekee. Huko kaya zimefuatiliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndugu wa marehemu waliulizwa jinsi kila kifo kilivyotokea, awe alifika hospitali au hakufika. Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kuwa kwa watu wa miaka 5 na kuendelea, UKIMWI na kifua kikuu vilibeba karibu nusu ya mzigo wa vifo, na majeraha ya ukatili na ya ajali za barabarani nayo yalikuwa na sehemu kubwa. Lakini njia hii nayo ina udhaifu: mama anaweza kusimulia homa ya mwanawe, hawezi kukuambia ni kimelea gani kilichoileta.

Daktari pia hawezi, asipokuwa na maabara. Utafiti wa mjini Moshi, kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa 2013 ulichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Sita kati ya kila kumi walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vya kina viliikuta malaria kuwa chanzo cha homa kwa asilimia 1.6 tu. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu au magonjwa yanayotoka kwa wanyama, kama leptospirosisi na homa ya Q. Kwa hiyo utafiti wa kunakili mafaili ya wodi siuweki kapu moja na utafiti wa kupima damu. Wa kwanza unarudia makosa ya wodi kwa wino safi zaidi, na kwa bahati mbaya ndio rahisi kuufanya.

Majeraha na maambukizi, ambayo wafadhili hupenda kuyatenganisha, hukutana kitandani. Utafiti wa upasuaji uliojumuisha hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, uliotoka 2018, ulikuta maambukizi ndiyo tatizo lililowapata wagonjwa wengi zaidi baada ya kupasuliwa: mmoja katika kila kumi. Mtu aliyeokolewa barabarani anaweza kupotea kwa kidonda cha wiki ya pili.

Linalonigusa zaidi ni kinachobaki mradi ukiisha. Wodi zilizoshiriki FEAST zilipewa mafunzo na vifaa vya msingi vya kuhudumia dharura, na kila mtoto aliyeingia kwenye utafiti alifaidika navyo. Wanaopinga huuliza: aliyelazwa mwaka uliofuata alikuta nini? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kuonyesha makala iliyochapishwa.

Hapa ndipo naikumbuka Kampala. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dkt. Olive Kobusingye, daktari wa upasuaji wa Uganda, na wenzake walianzisha rejista ya majeruhi na kubuni kipimo cha ukali wa majeraha chenye mambo matano tu: umri, presha, kasi ya kupumua, hali ya ufahamu na idadi ya majeraha makubwa. Hakihitaji mashine ya picha. Karani aliyefunzwa anaweza kukijaza saa nane za usiku. Kimetumika katika nchi nyingine pia, kwa sababu kilitungwa na watu waliojua usiku wa hospitali zao ulivyo.

Kwa hiyo swali likiwa ni tiba ipi inamfaa aliyekwisha kufika, nauunga mkono utafiti wa wodini bila kusita. Likiwa ni nini kinaua watu jijini, nauamini nusu tu, mpaka daftari la mapokezi ya dharura lisomwe pamoja na daftari la mochari. Kamati za maadili ya utafiti zingeweza kulidai hilo kabla ya kupitisha pendekezo lolote, pamoja na jibu la maandishi kuhusu nani atamlipa karani wa usiku fedha za mradi zikikoma.