Asilimia 96 ya Ushindi Inayotia Shaka

Mwanafunzi wa saikolojia amemaliza kukusanya hojaji zake. Anaendesha uchambuzi na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo ikiwa hakuna athari yoyote, inatoka 0.08, wakati kikomo cha kawaida ni 0.05. Kinachofuata tunakijua, ingawa hakiandikwi kwenye tasnifu. Anawaondoa washiriki wawili walioonekana kujibu ovyo, anaingiza umri kwenye hesabu, kisha anajaribu kwa wanawake peke yao. Ikitoka 0.04, tasnifu imepona. Hajatunga data, na kwa jinsi anavyoona mwenyewe hajamdanganya mtu. Pengine hata msimamizi wake alipita njia hiyo hiyo.

Sayansi huria inamtaka aandike nadharia tete na mpango wa uchambuzi, ausajili mahali penye tarehe isiyofutika kabla ya mshiriki wa kwanza kujibu, kisha aweke data na hojaji zake wazi ili mwingine aweze kukagua. Wanafunzi wengi huliona hili kama fomu moja zaidi juu ya zile za kamati ya maadili. Malalamiko yao nitayafikia, kwa sababu mengine ni ya kweli. Ila naona wamekosea jambo moja kubwa: hawajajua ni nani anayelindwa na usajili huo.

Habari za mgogoro wa saikolojia, wa tafiti ambazo matokeo yake hayatoki tena zikirudiwa, zimeshasimuliwa vya kutosha. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha kwamba mtafiti akijiruhusu maamuzi manne madogo ya aina ile ya mwanafunzi wetu, uwezekano wa kupata matokeo ya uongo, yaani kuona athari isiyokuwapo, hupanda kutoka asilimia 5 hadi zaidi ya 60. Kwa mzaha wenye shabaha walitumia mbinu hizo kuthibitisha kwamba kusikiliza wimbo fulani kunampunguzia mtu umri halisi. Mwaka 2015 ukaja ule mradi mkubwa wa kurudia tafiti 100: tafiti za mwanzo zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu kwa asilimia 97, zilizorudiwa kwa asilimia 36.

Takwimu inayonisumbua mimi ni nyingine. Mwaka 2021 Scheel na wenzake walilinganisha makundi mawili ya makala za saikolojia. Kundi la kwanza lilikuwa makala za kawaida, 152, na ndani yake nadharia tete ya kwanza iliungwa mkono kwa asilimia 96. La pili lilikuwa makala 71 ambazo majarida yalizikubali kwa kusoma mpango tu, kabla ya data kukusanywa. Humo ilikuwa asilimia 44.

Turudi kwenye hiyo 96. Tuseme kila nadharia tete iliyowahi kuwazwa na mwanasaikolojia ni ya kweli, wote ni manabii, hakuna anayekosea. Bado isingefika. Utafiti uliopangwa vizuri kwa vigezo vya kawaida una nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua athari iliyopo, na tafiti nyingi hazifiki hapo. Ukilinganisha makundi mawili ya watu 20 na athari ni ya wastani wa chini, tuseme d (tofauti kati ya makundi ikipimwa kwa mchepuko sanifu) ya 0.4, nafasi yako ya kuiona haifiki hata robo. Kufikia 80 unahitaji kama watu 100 kila kundi. Kwa hiyo 96 haiwezi kuwa kipimo cha akili za watafiti. Ni kipimo cha kilichopita mlangoni mwa majarida, na cha kazi iliyofanywa gizani ili kipite.

Kuna atakayesema kundi la pili lilijaa tafiti za kurudia kazi za zamani zenye kutiliwa shaka, ndiyo maana zilianguka. Ni hoja halali, na 41 kati ya zile 71 zilikuwa za namna hiyo. Lakini ziondoe. Zinabaki 30 zenye mawazo mapya, na zilizofaulu ni 15.

Sasa mrudie mwanafunzi wetu, tuseme ana washiriki 40, 20 kila kundi. Tumemtuma kwenye jaribio ambalo kwa hesabu tu lina uwezekano mkubwa wa kutoka tupu, halafu tunamtahini kana kwamba matokeo tupu ni uzembe wake. Unategemea afanye nini? Mpango ukishasajiliwa na msimamizi akausaini, 0.08 inageuka kuwa jibu. Mtahini hawezi kumuuliza kwa nini hakupata kitu, labda amuulize kama swali lilikuwa zuri na kipimo kilifaa, na hayo ndiyo maswali ya kumuuliza mwanafunzi. Asiye na jina wala cheo ndiye anayehitaji zaidi karatasi inayosema: niliahidi hili, nikalifanya.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Anayefanya mahojiano ya kina na watu wanane waliofiwa hana nadharia tete ya kusajili, na kumlazimisha ajaze fomu ya majaribio ni kutoielewa kazi yake. Data zake hazifai kumwagwa hadharani pia: ukifuta majina, maelezo ya maisha yanabaki, na anayemfahamu mhusika atamtambua. Muda nao ni tatizo. Mwenye miezi sita hawezi kusubiri jarida lipitie mpango wake. Hofu ya kuibiwa wazo naiona ndogo kuliko inavyosemwa, kwa kuwa usajili unaweza kufungwa hadi utafiti ukamilike, na ile tarehe ndiyo ushahidi kwamba wazo ni lako.

Kinachonigusa zaidi ni onyo kwamba usajili unaweza kugeuka hirizi. Novemba 2023 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha makala iliyodai kwamba mbinu hizi, usajili ukiwamo, zinazaa matokeo yanayorudika kwa kiwango cha juu. Miongoni mwa waandishi walikuwamo vinara wa sayansi huria wenyewe. Septemba 2024 ikaondolewa, na kiini cha tatizo kilikuwa madai kwamba uchambuzi wake ulisajiliwa kabla, wakati sehemu muhimu haikuwa hivyo. Wapinzani walicheka, na walikuwa na haki. Mimi naongeza tu kwamba tatizo hilo lilionekana kwa sababu nyaraka za mradi zilikuwa wazi na watu wengine wakaenda kuzisoma.

Hata hivyo si lazima idara ibebe kila kitu kwa mkupuo. Ingekuwa juu yangu, kwa tasnifu za majaribio na hojaji ningeanza na kurasa mbili: swali, kipimo kikuu, idadi ya washiriki na sababu yake, nani ataondolewa na kwa kigezo gani, na jaribio lipi la kitakwimu litaamua. Zisainiwe, ziwekwe tarehe, zibandikwe mwishoni mwa tasnifu. Kubadilisha mpango kuruhusiwe, na mabadiliko yaandikwe. Akitaka kuchungulia wanawake peke yao achungulie, mradi sehemu hiyo iitwe uchunguzi. Na alama za sura ya mbinu zitolewe kabla data hazijafunguliwa.