Uoshaji wa Kila Wiki ni Kazi ya Mwenye Gari

Wamiliki wengi wa magari hapa Dar es Salaam huamini kwamba kuosha gari ni kazi ya vijana wa kando ya barabara, na kwamba anayeinama na ndoo uani kwake ama ni bahili ama hana la kufanya. Naona kinyume chake: uoshaji wa kila wiki aufanye mwenye gari, na fedha anayoiokoa aiweke kwa ajili ya fundi mwenye ujuzi.

Sababu yangu kubwa ni rangi. Magari mengi ya kisasa yana tabaka la juu la vanishi angavu, ambalo kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ndilo linaloipa rangi mng'ao na kuikinga dhidi ya jua. Sasa tazama kitambaa kinachotumika katika sehemu nyingi za kuoshea magari: kimetoka kufuta rimu za gari lililotangulia, kimechovywa katika ndoo ileile yenye mchanga chini, kisha kinazungushwa juu ya boneti yako. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko vanishi, kwa hiyo kila mzunguko huacha mikwaruzo midogo usiyoiona siku hiyo, lakini baada ya miezi kadhaa, ukiliegesha gari juani, utaikuta imetanda boneti nzima kama utando wa buibui. Aghalabu sabuni yenyewe ni ya unga, ya kufulia nguo, ambayo huondoa nta iliyopakwa kuikinga rangi pamoja na uchafu. Siwalaumu vijana hao, kwani mteja mwenyewe husimama pembeni akiwahimiza wamalize upesi.

Nyumbani hakuna anayekuharakisha. Liweke gari kivulini, limwagie maji mengi ili mchanga uondoke kabla hujaligusa, kisha tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ukianzia paani na kushuka chini. Rimu ziwe na kitambaa chake. Anayeishi karibu na bahari, kama Kigamboni au Msasani, asisahau kumwagia maji chini ya gari na ndani ya madigadi, kwa kuwa chumvi huharakisha kutu. Tena, mikono inapopita kila mahali, ndipo unapogundua msumari uliozama kwenye tairi au mpira wa waipa uliochanika.

Kupiga polishi kwa mashine ni jambo jingine kabisa. Polishi huondoa mikwaruzo kwa kuipunguza vanishi yenyewe, na asiyejua anaweza kuimaliza kwenye kingo za boneti, ambapo hakuna dawa ila kupaka rangi upya. Injini nayo si ya kupigwa maji ya presha ovyo, maana maji yakiingia kwenye altaneta (kifaa kinachozalisha umeme wa gari) au soketi za umeme huleta hitilafu zinazosumbua kuzitafuta. Kwa kazi hizo namtafuta fundi anayeweza kunieleza atatumia nini kabla hajaligusa gari, na anayepima unene wa rangi kwanza. Bei yake ni kubwa, nami huilipa bila kubishana.