Vijiko Viwili vya Magadi

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mwenye nyumba wangu wa Langoni aliamini kwamba kilichoingizwa hasa ni kile chumba changu. Kila alipopandisha kodi alinikumbusha: "Mwalimu, hapa walala ndani ya historia." Historia yenyewe ilikuwa inavuja, na chini ya dirisha lake punda wanne walikuwa na kikao chao kila saa tisa za usiku.

Kwa hiyo nahodha mmoja mzee wa Shela aliponiambia kwamba jahazi lake limekaa bila mlinzi, nikalale humo bure mradi nifue maji, yaani niyatoe yanayovujia chomboni, asubuhi na jioni, sikuuliza swali la pili. Mimi ni mtu wa Nakuru. Maji mengi niliyoyajua mpaka siku ile ni ya ziwa, tena ya kutazamwa kutoka dirisha la gari.

Wiki ya kwanza nilijiona sultani. Kaskazi inavuma, hakuna mbu, hakuna punda, kisiwa cha Manda mbele yangu, Shela nyuma yangu. Nasema mbele na nyuma kwa kubahatisha tu, maana chombo kikiwa nangani hugeuka na mkondo. Nilikuwa nikilala miguu imeelekea Manda, nikiamka imeelekea Shela, na mswaki nisiuone.

Wiki ya pili usultani ukapungua. Bahari haitaki povu: sugua sabuni mpaka iishe, unatoka umepakwa gundi. Maji matamu, yale ya visima vya kwenye vilima vya mchanga, niliyavusha kwa dumu la lita 20 ndani ya kihori, kimtumbwi ambacho hakijawahi kunipenda. Na ngamani, chini kabisa ya chombo, maji yalirudi kila nilipoyatoa, kama watu wa madeni.

Halafu choo. Choo cha jahazi lile ni sanduku la mbao lililoning'inizwa tezini, nyuma ya chombo, halina paa, na sakafu yake ni bahari. Ukichuchumaa humo kinabaki nje kichwa peke yake. Sasa boti za abiria za Lamu na Shela hupita papo hapo, na Lamu mtu hapitwi bila salamu.

"Mwalimu! Habari za asubuhi?"

"Njema!"

"Wanafunzi hawajambo?"

"Hawajambo!"

Siku moja mzazi alimwomba mwenye boti apunguze mwendo kabisa, akataka kujua mwanawe anaendeleaje katika insha. Nikamweleza. Ningefanya nini? Nilimshauri amnunulie kamusi.

Lakini hayo yote yalikuwa ya kuvumilika. Yaliyonitoa baharini yalitokea katikati ya Ramadhani, karibu na mwisho wa muhula, nami nina mitihani ya vidato viwili ya kusahihisha. Kihori kilikwisha kulowesha nusu ya kidato cha pili. Nikamwendea nahodha, nikamwomba ruhusa nisogeze jahazi karibu na ukuta wa pwani, niwe nashuka kwa hatua chache tu.

Yeye alikuja chomboni kuchukua kanzu yake, anakwenda Matondoni kufuturu kwa binti yake na kulala huko. Mimi nilikuwa nimeroweka maharage kwenye sufuria. Akasimama kando ya ile sufuria, akatazama maji, akatazama mbingu, akasema, "Kisogeze. Lakini bamvua hili, mwalimu. Ukifika pwani usisahau kutia magadi. Mawili yatosha."

Niseme wazi kwamba kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Nimefundisha miaka kumi na miwili. Mwalimu aliye ndani yangu alisikia kabisa kwamba "magadi mawili" hayakai sawa, lakini sikuona adabu kumsahihisha mzee mwenye saumu. Nikashangaa tu kwamba mtu wa pwani anajali maharage yangu namna ile. Nikapita dukani, nikanunua pakiti.

Saa kumi na moja jioni maji yalikuwa yamejaa mpaka yanaulamba ukuta. Wavulana wawili wa kidato cha tatu wakanisaidia kung'oa nanga, tukalisukuma jahazi kwa upondo, tukalitia nanga mahali pazuri sana, karibu kiasi cha kusikia visahani vya futari vikigongana. Wavulana wakakimbilia kwao kufuturu. Nikawasha jiko la makaa, nikainjika maharage, nikatia vijiko viwili kama nilivyoagizwa.

Kama saa mbili hivi Shela yote ilikuwa msikitini kwa tarawehe. Ufuoni hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia neno. Nimekaa na taa yangu, nasahihisha, maharage yameiva mpaka yanayeyuka, ndipo kipande cha chaki kikatoka kwenye mfuko wa shati langu kikaangukia sitaha. Kikaviringika. Nikakifuata kwa macho: kikapita karibu na jiko, kikasita kidogo penye ufa wa ubao, kikaendelea taratibu mpaka ubavu wa upande wa baharini, kikatulia. Nikakiokota, nikakirudisha pale pale. Kikaenda tena, safari hii bila kusita.

Likafuata chungwa. Likafuata dumu. Paka, aliyekuwa akila kwangu siku zote, akanitazama kama mtu anayeaga, akaruka ukutani, akaenda zake.

Ukitaka kujua bamvua ni nini, usisome kitabu. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo maji hupanda kupita kawaida na kupwa kupita kawaida; tofauti yake ni kama mita 3. Mita zile zikaondoka chini yangu kimya kimya kama wageni wasiotaka kuosha vyombo. Mkuku ukagusa mchanga, jahazi likapiga kite, likajilalia ubavu. Sufuria ikaniacha. Maharage mororo, laini kabisa, hayana hata punje ngumu, yakaniingia kifuani, na mitihani ya kidato cha nne ikayafuata.

Ilipofika saa tano maji yalikuwa yamekwenda mbali mpaka nikajiuliza kama yatarudi. Ningeweza kushuka nikatembea mpaka Shela kwa miguu mikavu. Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikawaza: nimekabidhiwa chombo cha watu. Nikajipanga kwenye kona ya sitaha na ubavu, umbo la herufi V, nikalala.

Niliamshwa na ubaridi mgongoni. Maji yamerudi, na kwa kuwa jahazi lililalia upande wa baharini, yalikuwa yanapanda ubavuni haraka kuliko chombo kinavyoinuka. Yakaanza kuingia. Nikaishika ndoo, nikaanza kufua kama mwendawazimu.

Saa tisa za usiku, mwezi mweupe, na kwa kuwa ni Ramadhani watu wote wako macho wanakula daku. Mmoja akaniona, akaita mwenzake, na mara ukuta mzima ukawa na watu, wengine na vikombe vya chai mkononi.

"Mwalimu! Ndoo! Ndoo!"

Nikainua ndoo juu waione. "Ninayo!"

Wakanyamaza kidogo. Halafu, kwa nguvu zaidi: "Ndoo! Ndoo huku, mwalimu!"

Nikajua wameshaunda mpango, wanataka ndoo wanisaidie. Sikutaka kuwachelewesha. Nikaizungusha mara mbili, nikairusha. Ikapaa vizuri sana chini ya ule mwezi, ikatua kwenye sinia la daku la watu watano.

Sasa nimebaki kwenye chombo kinachojaa maji, sina ndoo, na walioko nchi kavu hawasemi tena, wanacheka tu, wameshikilia mbavu. Hatimaye kijana mmoja akajitupa majini, akapanda, akanishika mkono kama anavyoshikwa mtoto wa chekechea, akaniteremsha. Wengine wakaikamata henza, kamba iliyofungwa mlingotini, wakaivuta kutoka ukutani, kumi au zaidi, mpaka jahazi likajiinua lenyewe likielea, limelewa maji. Karatasi za kidato cha nne zilikuwa zimeshika njia ya Manda.

Nimekaa ukutani nimefunikwa kikoi cha mtu, natetemeka, ndipo ikanijia. Kiamu, Kiswahili cha Lamu, husema "ndoo" pale ambapo sisi twasema "njoo". Nilijua. Nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, kila mwaka, chini ya kichwa "Lahaja".

Nahodha alifika asubuhi, habari zimemtangulia. Akalizunguka jahazi lake, akapapasa mbao, akashukuru Mungu kwamba halikuvunjika kitu. Kisha akanigeukia kwa upole.

"Mwalimu, hukutia magadi?"

"Nilitia, mzee wangu. Vijiko viwili."

Akanitazama muda mrefu. Halafu akanyoosha kidole, hakusema kitu. Pale sitahani palikuwa na boriti mbili ndefu za mkoko, zimefungwa pamoja, kila moja ina ncha iliyochongwa vizuri. Hizo ndizo gadi, moja kila ubavu, za kuegemeza chombo kikae wima maji yakipwa. Nilikuwa nazifahamu vizuri. Wiki tatu nilizianikia nguo, na hata saa ile suruali yangu ya kazini ilikuwa bado inaning'inia pale.

Mzee akafunika uso kwa kilemba. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikuweza kujua kama ni kilio, mpaka akaketi chini akasema kwamba namharibia saumu.

Nimerudi Langoni, kwa punda wangu. Jumatatu ile ya kwanza niliingia darasani, kidato cha tatu wamesimama kimya wote kwa adabu isiyo ya kawaida. Juu ya meza yangu palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo, pakiti ya magadi.