Gugli Iliyonikuta Nimeinua Gongo

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazia kwamba kwenye mechi yetu ya kriketi nilitolewa nikiwapungia watazamaji gongo (lile bapa la kupigia mpira), sina budi kueleza kilichotokea kabla habari haijaota mkia. Sikumpungia mtu. Nilikuwa nauacha mpira upite, tena kwa madaha.

Mrushaji alikuwa wa spini, yaani wa mipira inayozungushwa, wa mkono wa kulia, na mipira yake niliyoitazama kutoka upande wa pili wa uwanja ilikuwa ikidunda na kumkimbia mpigaji kuelekea nje. Gugli, mpira wa hila wa mrushaji kama huyo, hurushwa kwa mwendo uleule wa mkono, ila kifundo hupindishwa zaidi hadi mgongo wa kiganja ukamwelekea mpigaji, na mpira ukishadunda huingia ndani. Hayo yote nilikuwa nimewaeleza wenzangu asubuhi hiyohiyo, kwa vitendo. (Mnaocheka, subirini kwanza.)

Basi mpira ukaja, wa juu, wa taratibu. Nikatanguliza mguu, nikainua gongo hadi juu ya bega, nikageuza uso pembeni kama mzee anayekataa posa. Mpira ukadunda. Ukaingia ndani. Ukapita kando ya goti langu, pale ambapo gongo lingekuwa kama ningelishusha, kisha nikasikia mlio mdogo, ta!, nikadhani ni glavu za mlinda wiketi. Nyuma yangu kijiti cha juu ya wiketi, vile vijiti ambavyo mpigaji hutolewa vikiangushwa na mpira, kilikuwa kimeshaanguka. Mimi nikamwambia mrushaji, "Mzuri huo," nikaanza kugongagonga ardhi kwa gongo, nikisawazisha vinundu kwa ajili ya mpira unaofuata, mpaka mwamuzi akasogea na kuninong'oneza: "Kaka, umeshatoka."

Kwa kujitetea, mwaka 1948 katika uwanja wa The Oval, Donald Bradman mwenyewe, yule mpigaji mashuhuri wa Australia, alitolewa na gugli ya Eric Hollies wa Uingereza, mpira wake wa pili tu, bila mkimbio (yaani pointi) hata mmoja, wakati mikimbio 4 ingeufikisha wastani wake wa mechi za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa, kuwa 100. Ukabaki 99.94. Lakini yeye, jamani, alijaribu kuucheza, na hakuna aliyelazimika kumwarifu kuwa ametoka.

Nikaondoka, nikavua pedi, tukafungwa. Wewe unayesambaza video, ninakuomba ukate angalau pale niliposema "Mzuri huo."