Kabla ya Kupiga Picha, Uangalie Ukuta

Wengi wanaofika East Side Gallery, kipande cha Ukuta uliokuwa ukiigawa Berlin, hujipanga mbele ya mchoro wa busu la viongozi Brezhnev wa Usovieti na Honecker wa Ujerumani Mashariki, wanapiga picha, kisha wanaondoka wakiamini wameona kilio cha watu waliofungiwa nyuma ya Ukuta. Sivyo. Michoro ile ilichorwa mwaka 1990, Ukuta ukiwa umeshafunguliwa tangu Novemba 1989. Upande ule ulitazama Berlin Mashariki, na enzi za walinzi hakuna aliyethubutu kuugusa kwa brashi. Grafiti za miaka ya 1980, zile za akina Thierry Noir, zilikuwa upande wa Magharibi.

Na hata rangi unayoiona pale si ya 1990. Zege la Ukuta lina nondo ndani. Miaka inavyopita zege linapoteza uwezo wa kuikinga nondo, unyevu unaingia, nondo inashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege linapasuka kwa ndani na kuanguka vipande vipande, likiondoka na rangi yake. Ndiyo maana mwaka 2009 rangi ya zamani iliondolewa, zege likakarabatiwa, na wasanii wakaitwa kuchora upya kazi zao wenyewe kwa malipo ya euro 3,000 kila mmoja. Dmitri Vrubel alikubali, akalichora tena lile busu. Wengine waligoma. Binafsi sioni kwamba kilichopo ni feki, maana mkono ni uleule. Ila anayekitazama bila kujua hayo, anatazama kitu kingine kabisa.

Hoja yangu ni hiyo: mchoro wa ukutani si picha iliyotundikwa nje. Nusu ya kazi ni ukuta wenyewe: umejengwa kwa nini, ni mali ya nani, nani aliruhusu, maji yanapita wapi. Orodha za "michoro 20 ya kuiona kabla hujaondoka" hazigusi hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo sababu naziona za hovyo.

Kazi ianze kabla ya safari. Fungua Google Street View kwenye kompyuta, nenda kwenye mtaa husika, kisha bonyeza tarehe iliyoandikwa kwenye picha. Sehemu nyingi zitakuonyesha ukuta uleule ulivyokuwa miaka iliyopita: pengine ulikuwa na tangazo la soda, pengine kulikuwa na nyumba iliyobomolewa na kuacha ubavu wa jirani yake wazi. Hilo la pili ni la kawaida mno. Michoro mikubwa hupenda mbavu za majengo zisizo na madirisha, na mbavu hizo huonekana pale jirani anapobomolewa. Ukikuta kiwanja kitupu mbele ya mchoro mzuri, ujue siku moja kitajengwa, na mchoro utafunikwa bila mtu kuugusa.

Ukifika, simama kwanza umbali wa mara mbili ya kimo cha ukuta. Ukuta wa mita 12, rudi nyuma mita 24 hivi, hata kama ni ng'ambo ya barabara. Kutoka huko mchoro wote unaonekana kwa pamoja. Halafu sogea hadi mita moja na uanze chini. Nusu mita ya kwanza kutoka ardhini ndiyo inayokufa mapema: maji ya mvua yanaruka, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, baiskeli zinaegeshwa. Ukiona unga mweupe kama chumvi, hiyo ni chumvi kweli, imetolewa ndani ya ukuta na maji yanayokauka. Malengelenge maana yake maji yako nyuma ya rangi yakitafuta pa kutokea. Kisha inua macho juu kabisa, penye ukingo wa paa. Michoro mingi huuawa kutoka huko, kwa gata iliyoziba au ukingo uliopasuka, na watu wanalaumu rangi.

Rangi nazo hazizeeki sawa. Nyekundu kali, waridi na njano nyingi hupaushwa na jua mapema, wakati bluu, nyeusi na zile rangi za udongo zinadumu. Mchoro wa miaka mingi ukiuona una ubluu wa ajabu na nyuso za watu zimekuwa kama za wagonjwa, usidhani msanii alikusudia. Wekundu wa ngozi umeshaondoka.

Philadelphia ndiyo shule bora ya kujifunzia haya yote. Mpango wake wa michoro ya ukutani ulianza mwaka 1984 kama juhudi za jiji za kupambana na grafiti, msanii Jane Golden akaajiriwa kufanya kazi na vijana waliokuwa wakichafua kuta, na leo jiji lina michoro kwa maelfu. Mingi kati ya hiyo haikuchorwa ukutani. Ilichorwa mezani, kwenye kitambaa chepesi cha poliesta kilichokatwa vipande vya mraba vya takriban mita moja na nusu kila upande, mistari ikiwa imeshachorwa na kila eneo limeandikiwa namba ya rangi yake. Hivyo wanafunzi, wazee na hata wafungwa wanaweza kupaka bila kupanda jukwaa. Baadaye vipande vinabandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki. Ukitaka kuvitambua, nenda asubuhi au jioni jua linapoupiga ukuta kutoka ubavuni, utaona viungo vya kitambaa kama mistari myembamba sana. Mpango kama huu unanivutia kuliko sherehe zinazoleta msanii maarufu kwa wiki moja, maana wakazi wa mtaa wanajua ni kipande kipi walipaka wao.

São Paulo ina hadithi ya kinyume. Mwaka 2007 jiji lilipiga marufuku mabango ya matangazo nje, na mbavu za maghorofa zikabaki wazi. Wachoraji wakapata turubai. Mahali pa kuzitazama ni juu ya Minhocão, barabara ya angani inayopita katikati ya maghorofa. Mwisho wa wiki hufungwa kwa magari, watu wanatembea na watoto wao huku michoro iko usawa wa macho. Huku kwetu kuta nzuri zaidi za madukani zimepakwa rangi ya kampuni za simu kuanzia msingi hadi paa, kwa hiyo tunaelewa vizuri ukuta ukishikwa na tangazo unakuwaje.

Cairo inadai miguu. Mwaka 2016 eL Seed, msanii mwenye asili ya Tunisia, alichora maandishi ya Kiarabu juu ya majengo karibu 50 ya Manshiyat Naser, mtaa wa Wakristo wa Kikopti wanaokusanya taka za jiji. Maneno ni ya Mtakatifu Athanasi wa Aleksandria: anayetaka kuona vizuri mwanga wa jua, kwanza ajifute macho. Ukiwa mtaani unaona vipande tu, mkunjo wa chungwa hapa, doa jeupe kule. Duara zima hukamilika ukisimama sehemu moja tu ya mlima Mokattam, na jengo moja likiongezwa ghorofa, herufi inakatika. Wakazi wanaishi ndani ya sentensi ile, kwa hiyo usimwelekezee mtu kamera usoni wala kwenye mzigo wake bila kumwomba.

Ruhusa ya mwenye ukuta nayo si jambo la pembeni. 5Pointz, kule Queens, New York, ilikuwa imechorwa kwa idhini ya mwenye jengo. Novemba 2013 ikapakwa nyeupe usiku kucha kwa amri yake huyohuyo. Wasanii 21 wakaenda mahakamani wakitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda kazi za sanaa zisiharibiwe, na mwaka 2018 jaji akaamuru walipwe dola milioni 6.75 kwa kazi 45. Jengo lilikuwa limeshabomolewa. Na kwa mpiga picha: Ujerumani inaruhusu kuuza picha ya mchoro uliowekwa barabarani kwa kudumu. Marekani ruhusa ya namna hiyo ni kwa majengo tu, si michoro. Fulana yenye mchoro wa mtu inaweza kukuletea barua ya wakili.

Sasa, aliyezunguka huko akirudi na hamu ya kuchora ukuta kwao, hesabu zake ni hizi. Ukuta wa mita 4 kwa 10 ni mita za mraba 40. Lita moja ya praima hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwenye lipu laini, kwa hiyo lita 4 hadi 5 kwa mkono mmoja, na ukuta wenye mikwaruzo unakula zaidi. Kopo la rangi ya kupuliza la mililita 400 linajaza mita za mraba mbili hivi ukibahatika, kwa hiyo ukijaza ukuta wote kwa makopo utamaliza zaidi ya 20 kabla ya kufika kwenye macho ya mtu uliyemchora. Paka msingi kwa rola na rangi ya maji, makopo yabaki kwa vivuli na mistari. Lipu mpya ya saruji iache wiki nne. Ukali wake hula rangi ya mafuta na kuifanya ibanduke kama ngozi. Kupima unyevu, bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, rudi kesho yake. Ukikuta matone ndani, subiri.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, ni habari nyingine. Zinapumua. Unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa, na ukizifunika kwa rangi ya mafuta au akriliki nzito, maji yanakwama, chumvi inasukuma, na lipu inaanguka pamoja na mchoro, wakati mwingine na sehemu ya ukuta. Huko tumia chokaa iliyochanganywa na rangi za udongo, tabaka nyembamba nyembamba juu ya ukuta uliolowanishwa. Au chora kwenye mbao na kuzitundika zikiwa zimeachana na ukuta sentimita chache, hewa ipite nyuma, na kibali kiombwe kwanza, maana kwenye miji hiyo ya urithi hata rangi ya mlango ina mwenyewe.