Waswidi wameikataa VAR, Kigoma tunaililia

Kila Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wakionewa, au tukiona tu kwamba wameonewa, simu yangu inajaa ujumbe kutoka mitaa ya nyumbani, Mwanga na Ujiji, na wote wanadai kitu kimoja: VAR, ile video ya kumsaidia refa. Mei 2025 kelele zilifika kileleni. Tuko Dar, tumetangulia kufunga, Simba wakarudi na kushinda 2-1 kwa penalti mbili za Leonel Ateba, ya pili ikipigwa kwenye dakika za nyongeza zilizogoma kuisha. "Huko Ulaya mambo haya hayapo," kaka mmoja wa kijiweni akaniandikia, utadhani mimi ndiye niliyeificha hiyo mashine.

Kaka, hapa nilipo haipo. Naishi Göteborg, Uswidi, na ligi kuu yao, Allsvenskan, haina VAR mpaka leo. Hela wanayo, wataalamu wanao, intaneti haikatiki. Wameikataa wenyewe. Kwa kanuni za michezo, klabu ya hapa lazima wanachama washike zaidi ya nusu ya kura, asilimia 51 kama wanavyosema, kwa hiyo tajiri anaweza kuleta fedha lakini hawezi kuwaburuza. Mashabiki walikwenda kwenye mikutano mikuu ya klabu zao, wakanyoosha mikono, klabu nyingi zikafungwa na msimamo huo. Mwaka 2024 chama cha soka, kikiongozwa na Fredrik Reinfeldt aliyewahi kuwa waziri mkuu wa nchi, kikasema basi, tunaachana nayo. Waziri mkuu mstaafu kagonga mwamba mbele ya watu wa jukwaa la nyuma ya goli! Nilipowasimulia hilo Ujiji waliniambia nimeanza kuwa muongo kama wazungu.

Majirani zao wa Norwei waliingiza VAR mwaka 2023, na Julai 2024 mashabiki wakaivunja mechi ya Rosenborg na Lillestrøm kwa kurusha vitu uwanjani, zikiwemo mipira ya tenisi na keki za samaki. Samaki! Pale Kibirizi, Kigoma, mtu akimtupia refa mgebuka tutamshangaa yeye kabla ya refa, kwa bei ya mgebuka ilivyo.

Niliwauliza ninaokaa nao Gamla Ullevi, uwanja wa hapa Göteborg, kwa nini hawaitaki VAR. Kubwa wanalosema ni shangwe. Goli likiingia wanataka kushangilia papo hapo, wasisimame dakika tatu wakimtazama refa aliyeshika sikio akisubiri watu wa video. Hoja hiyo naielewa, ila ningekuwa nayo hiyo peke yake nisingewaandikia. Kilichonigusa ni namna wanavyogombana na waamuzi wao. Wanawatukana, tena sana. Makosa yapo, na mengine ni ya kutia aibu. Lakini ikifika Jumanne sijamsikia mtu wa jukwaani kwetu akisema refa alipewa bahasha. Nimeona mwamuzi amesimama mbele ya kamera baada ya mechi, jasho halijakauka, akisema ile penalti nilikosea, nilikuwa nimezibwa. Watu wakanuna, wakaenda zao.

Nyumbani hilo hatuna. Refa akiboronga, tunasubiri Kamati ya saa 72, ile ya ligi inayopitia matukio ya mechi. Inakaa, inatoa taarifa, fulani kafungiwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri sheria. Sheria gani, alisimama wapi, alimwona nani, msaidizi wake alimwambia nini? Hatuelezwi. Pointi zinabaki zilikokwenda na shabiki anabaki na hadithi yake mwenyewe, ambayo siku zote ina Kariakoo, yaani Simba na Yanga, ndani yake. Tumefika mahali dabi ya Juni 2025 ikachezeshwa na waamuzi kutoka Misri. Yanga walishinda 2-0 na sikusikia kelele nyingi kuhusu filimbi, ila jamani, hiyo ni ligi inayokiri hadharani kwamba haiwaamini watoto wake wenyewe kwenye mechi yake kubwa. Na Mashujaa wakicheza na mkubwa, Misri hawaitwi.

Sasa mnaoililia VAR, mnakumbuka Pretoria? Aprili 5, 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga na Mamelodi Sundowns. Aziz Ki wa Yanga anaachia shuti, mpira unagonga mwamba wa juu, unadunda chini, unatoka. VAR ilikuwepo na watu wake wakaangalia. Goli likakataliwa, mechi ikaisha 0-0, Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Mimi, ukiacha Mashujaa, ni Simba, na nilicheka, ingawa usiku huohuo Al Ahly walitutoa sisi. Lakini nikiwa peke yangu niliirudia ile picha mara nyingi, na kwa macho yangu lile ni goli. Tatizo ni kwamba VAR inaona kile ambacho kamera imeona. Mashine inayopima kama mpira umevuka mstari ni nyingine kabisa, ile iliyotumika Kombe la Dunia 2014 na kumtetemeshea refa saa mkononi, na Pretoria haikuwepo. Bila kamera iliyokaa sawasawa na mstari, watu wa video walibaki kukisia kama mimi na wewe.

Haya, tuhamie Lake Tanganyika, uwanja wa Mashujaa. Hesabuni wenyewe kamera mnazoziona pale siku ya mechi. Serikali ilishatangaza kusamehe kodi ya vifaa vya VAR, na siku vikija, naweka dau, vitaanzia Dar es Salaam. Kwa muda, labda mrefu, Mashujaa watacheza ugenini mbele ya video na nyumbani bila video. Mkubwa akinyimwa penalti kwake, refa ataitwa pembeni akaangalie. Sisi tukinyimwa Kigoma, tuliowahi kunyimwa tunajua tutaitwa wapi.

Ninachokitaka mimi ni kitu kidogo zaidi, na kipo. FIFA wanakiita FVS, yaani Football Video Support. Hakuna chumba cha video wala waamuzi wa ziada wa kukaa humo. Kocha ana haki ya kuomba marudio mara mbili kwa mechi: anaashiria, anamkabidhi mwamuzi wa akiba kadi, refa mwenyewe anakwenda kwenye runinga pembeni ya uwanja kuangalia. Kocha akiwa sahihi, ombi lake halihesabiwi, anabaki nalo. Akikosea, limeliwa. Yanayoombewa ni yaleyale ya VAR: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa kumwadhibu asiye mhusika. Ilijaribiwa kwenye Kombe la Dunia la wanawake wa chini ya miaka 20 kule Colombia mwaka 2024, na sasa inatumika daraja la tatu Italia. Kamera chache zinatosha.

Naipenda kwa sababu inampa mdogo sauti. Chini ya VAR, anayeamua kipi kiangaliwe ni mtu wa chumbani. Kwa FVS kocha wa Mashujaa anasema hili hapana, njoo uangalie, na uwanja mzima unamwona refa akiangalia. Bado anaweza kukosea. Lakini amekosea mbele yetu, na kocha aliyechoma maombi yake dakika ya ishirini kwa hasira hana wa kumlaumu.

Kuhusu timu yenyewe, mnanidhania nimekata tamaa na hapana. Oktoba 2025 nilikuwa Gamla Ullevi, Mjällby walipokuja kuwafunga wenyeji 2-0 na kutangazwa mabingwa wa Uswidi. Mjällby wanatoka kijiji cha wavuvi, Hällevik, na uwanja wao, Strandvallen, uko ufukweni kabisa. Si miaka mingi walikuwa daraja la tatu. Kocha wao msimu huo, Anders Torstensson, aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa shule, na msaidizi wake ana shahada ya uzamivu kuhusu jinsi mchezaji anavyotazama uwanja kabla ya kupokea mpira. Walimaliza na pointi 75, rekodi ya ligi hiyo, wakiwa wamepoteza mechi moja tu. Malmö wana hela kuliko wao mara nyingi. Nilikaa pale nikiwaza Katonga na Bangwe kule Kigoma, watoto wanaocheza mchangani mpaka giza.

Najua Mashujaa si Mjällby. Ni timu ya jeshi, mimi na wewe hatuna kadi ya uanachama wala mkutano mkuu wa kunyoosha mkono, na hilo linanikera kuliko mshambuliaji wetu kukosa magoli. Lakini hawa wazee wa Mapigo na Mwendo, kama tunavyowaita, walipanda ligi kuu 2023 na hawajashuka. Aprili 2024 waliwatoa Simba kwenye Kombe la FA palepale Lake Tanganyika, 1-1 kisha penalti. Mechi ya ligi ya Novemba 2024 Simba walihitaji goli la Mukwala dakika za majeruhi kuondoka na pointi tatu Kigoma. Nyuma tuko vizuri. Dakika za mwisho ndizo zinazotumaliza, miguu inachoka, beki anashika jezi ndani ya boksi, halafu tunamsaka refa. Hilo halina video, hilo ni mazoezi na benchi lenye watu wa kubadilisha mchezo. Kocha akipata viungo wawili wenye pumzi na mmaliziaji mmoja, nafasi ya nne itakuwa ya kugombea. Ya sita naidai, tena bila penalti ya mtu.